Siku Nilipopiga Kelele za Mwizi

Mtaani kwetu Bulyaga, hapa Tukuyu, kila mtu ana tabia yake ambayo wenzake wameshaizoea. Jirani yangu wa bondeni anafuga bata wasiomheshimu mtu. Yupo mama mmoja ambaye akikusalimia anakuuliza kwanza nani amekufa. Mimi tabia yangu ni siasa. Nilifundisha shule za msingi za wilaya hii mpaka nikastaafu, na somo nililolipenda kuliko yote liliitwa Siasa. Walipolibadilisha jina likawa Uraia, niliendelea kulifundisha vilevile kama Siasa bila kumwambia mkaguzi. Ninaamini mpaka leo kwamba ardhi, maji na dawa si vitu vya kumwachia mwenye nguvu ajipimie. Ninaamini ushirika. Nikisema hivyo mke wangu huniangalia kidogo, halafu anaendelea kumenya ndizi.

Ana sababu ya kuniangalia. Shamba letu la migomba na miparachichi, lililo kwenye mteremko upande wa kwenda Msasani ya huku kwetu, si letu. Ni lake. Mama yake alilinunua kwa kuuza maziwa, akamwachia yeye, na mimi nililikuta. Kwa hiyo akitaka kunikumbusha nafasi yangu katika ujenzi wa ujamaa huniuliza tu, "Mwalimu, hiyo mali ya kugawana na wenzako unaitoa wapi?"

Asubuhi, baada ya chai, mimi hushuka mpaka kibarazani kwa fundi cherehani. Fundi ni rafiki yangu wa miaka mingi. Babu yake alipanda huku kutoka pwani akiwa na cherehani kichwani, au ndivyo anavyosimulia mjukuu. Siku yenye mvua kubwa, wateja hakuna, cherehani za babu katika simulizi hiyo zinakuwa mbili. Ni mtu wa swala tano, mpole, na anaamini biashara kama mimi ninavyoamini ushirika. Tumebishana miaka yote hiyo na hakuna aliyesogea hata hatua moja.

"Serikali yako, Mwalimu," huniambia, "ikipewa kazi ya kushona suruali, mguu wa pili utasubiri bajeti ijayo."

"Na soko lako likishona," namjibu, "maskini atauziwa mfuko tu, suruali akajitafutie."

Siku hizi tunabishana kwa sauti ya chini kidogo. Mteja tusiyemfahamu akiingia na kuweka simu yake mezani, fundi huanza kuisifia mvua, na mimi namsaidia kuisifia. Kwa mji unaonyeshewa kama Tukuyu si rahisi kuisifia mvua kwa muda mrefu, lakini tunajitahidi mpaka mteja achukue gauni lake aende.

Fundi ana binti, kitindamimba wake, niliyemfundisha darasa la tano. Alisomea ualimu, akakaa nyumbani bila ajira kama wenzake wengi, kisha akaanza kuchekesha. Jumapili alasiri yeye na vijana wenzake hukodi ukumbi kule Makandana, wanaweka kipaza sauti, na mmoja mmoja anasimama kuongea mambo ya kuchekesha. Baba yake aliona aibu. Watu wakimuuliza binti anafanya nini alijibu, "Yuko kwenye mambo ya mitandao," maana hilo lilisikika kama kazi.

Mimi sikuwa na aibu naye, ila nilikuwa na maoni, na maoni yangu huwa siyafichi. Siku moja alipopita kibarazani nilimwambia kwamba wachekeshaji wetu wa siku hizi wamepotea. Mtu anapanda jukwaani anamcheka mwanamke mnene, anamcheka mtu wa kijijini anavyotamka Kiswahili, anamcheka kondakta, anamcheka mlevi. Wanaotubana wote hawaguswi.

"Kicheko kinapaswa kupanda juu," nilisema. "Nyinyi mnakimwaga chini."

Alinisikiliza kwa adabu yote, mikono nyuma, kama yuko darasani.

"Sawa, Mwalimu. Nikimcheka mkubwa, halafu wakaja kunichukua, wewe utakuja kunitoa?"

"Nitakuja."

"Utakuja na nini?"

Fundi alicheka mpaka akaharibu mshono. Niliondoka pale nikisema nitalitafakari jibu, na bado ninalitafakari.

Sasa nieleze habari ya maparachichi, maana ndiyo iliyoniingiza matatani. Zamani parachichi kwetu lilikuwa tunda la kuokotwa. Likianguka, nguruwe akiliwahi, heri yake. Walipoanza kuja wanunuzi na kreti zao, wakitaka yale ya kisasa ya ngozi ngumu, kila mtu aligundua kwamba ana mti na kwamba jirani yake anautazama mno. Wizi ukaanza. Leo unasikia mama fulani ameamka kakuta mti mweupe, kesho mzee fulani amekatiwa hadi matawi. Mke wangu alikuwa na mti mmoja aliouotesha mwenyewe nyuma ya migomba, akaumwagilia maji ya kuoshea vyombo viangazi viwili mfululizo. Mti huo alikuwa akiutembelea kama anavyomtembelea mgonjwa.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano. Alitaka tuajiri walinzi wenye sare. Mimi nikasimama. Mke wangu alikuwa amekaa nyuma na wanawake wenzake, na nilipoanza na "Ndugu wananchi," nikakohoa, nilimwona akivuta kitenge chake kufunika uso.

Niliongea vizuri, au ndivyo nilivyojiona. Nilisema tusimlipe mtu atulinde dhidi ya watoto wetu wenyewe, tulinde kwa zamu. Nilisema mnunuzi anapanga bei akiwa kwenye kiti cha mbele cha gari, anapata mara nyingi kuliko mkulima, na hakuna anayempigia kelele. Nilisema mwizi wa parachichi hakudondoka kutoka mawinguni, ametengenezwa na mfumo.

Kijana mmoja wa bodaboda akanyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Huo mfumo unakaa mtaa gani? Tukaukamate leo leo."

Mkutano mzima uliangua kicheko. Hata mwenyekiti. Nilisubiri wamalize, kisha nikasema jambo ambalo nililimaanisha kuliko yote. Mwaka uliotangulia, kwenye barabara ya kutoka mjini, kijana mmoja alipigwa na watu hadi akafa kwa kuku ambaye baadaye alionekana akitembea. Kiatu chake kimoja kilibaki kando ya barabara siku kadhaa, kila mtu akikizunguka. Nilisema, "Katika mtaa huu asipigwe mtu. Mkimkamata mwizi mkalisheni chini, mpeni maji, iteni polisi." Hapo hakuna aliyecheka. Walikubali kwa mikono juu, na zamu zikapangwa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kama saa mbili, ukungu bado umelala bondeni. Tulikuwa na wageni, na mke wangu alitaka kupika mbalaga, ndizi zilizochanganywa na maharage, kwa hiyo alinituma shambani nikakate mkungu. Niliingia kati ya migomba nikiwa na panga na kiroba kichwani cha kuzuia manyunyu. Nikasikia tawi linalia. Nikasogea. Juu ya mti wa mke wangu alikuwapo mwanamume, ana koti la mvua, anachuma kwa mikono miwili bila haraka, na chini ameweka mfuko wa salfeti ambao ulikuwa umeshajaa nusu. Tena yalikuwa bado hayajakomaa. Yalikuwa yamebakiza kama wiki tatu.

Kwa miaka mingi nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo bila kujijua. Nilikuwa na maneno. Ningemwambia, "Shuka, ndugu yangu, tuzungumze." Ningemuuliza kazi yake, watoto wake, nani kamfikisha hapo. Badala yake niliona viangazi vile, mke wangu ameinama na beseni la maji machafu, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mwisi! Mwisi! Mwisiii!"

Naomba msomaji azingatie herufi hizo. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote. Nimewachapa watoto, Mungu anisamehe, kwa kusema "sawadi" badala ya "zawadi". Siku ya hatari ulimi wangu ulirudi kijijini kwa bibi yangu bila kuniaga.

Wenye bodaboda walikuwa kwenye kijiwe chao pale juu barabarani. Walishuka kama mvua ya mawe. Watu walitokea sehemu ambazo sikujua zina watu: mmoja na fimbo, mmoja na mti wa kuegemezea mgomba, mwingine na mwiko, nadhani alikuwa anapika. Yule mtu alishuka mwenyewe nusu, nusu iliyobaki akashushwa. Kofi la kwanza lilisikika kama ubao uliopasuka.

Nikasema, "Jamani, jamani, tulieni." Hakuna aliyetulia. Mmoja alinipiga bega kwa upendo mkubwa akaniambia, "Pole sana, Mwalimu. Kaa pembeni, hii kazi tuachie sisi." Walikuwa wananipigia. Kila kofi lilikuwa la heshima yangu. Nilijaribu kuingia kati, nikasimama mbele ya yule mtu na mikono nimeitandaza, mtu akanisukuma, sijui nani na sidhani kama alikusudia, nikateleza nikakaa kwenye tope na panga langu likaruka upande mwingine. Nikiwa chini nilisikia sauti ikiuliza habari ya tairi. Nilijua maana yake. Nadhani wote tulijua, maana watu walitazamana kuona nani atakwenda kulileta.

Ndipo nikasikia sauti yangu.

"Ndugu wananchi!"

Na kikohozi changu baada yake. Nilijishika mdomo. Ulikuwa umefumba. Nikageuka, na wote wakageuka. Binti wa fundi alikuwa amesimama juu ya kisiki, kitenge begani, mfuko wa mikate mkononi. Alikuwa ametoka dukani akafuata kelele. Alikuwa ameingiza kidevu shingoni kama ninavyofanya mimi, kidole kimoja hewani.

"Ndugu wananchi. Kabla ya kupiga, ehm, ni lazima tuunde kamati. Hatuwezi kupiga kiholela kama nchi za kibepari."

Mtu mmoja alicheka, cheko fupi la mshangao.

"Tunahitaji mwenyekiti wa kupiga, katibu wa kupiga na mtunza fimbo. Na mjumbe mmoja kutoka makundi maalumu. Mama mwenye mwiko, wewe ni makundi maalumu?"

Mwenye mwiko akautazama mwiko wake kama ndiyo kwanza anauona. Sasa walicheka wengi. Binti hakucheka. Alitoa simu yake, akaigiza ninavyotafuta miwani kwenye mifuko yote minne, akaivaa miwani isiyokuwepo.

"Haya. Kwa ajili ya kumbukumbu za kikao. Mpigaji namba moja. Jina kamili, mtaa, na balozi wako wa nyumba kumi."

Watu wakaanza kutazama viatu vyao.

"Usione haya, ndugu. Ni kazi ya kujitolea. Jina?"

Yule kijana aliyeniuliza mfumo unakaa mtaa gani alikuwa ameshika fimbo. Alicheka, akashusha fimbo, akasema, "Mimi nilikuwa napita tu."

"Anapita tu," binti aliandika kwenye simu. "Namba mbili?"

Namba mbili hakupatikana. Huwezi kucheka kwa nguvu na wakati huohuo ukamshikilia mtu kwa nguvu. Niliona vidole vikilegea kwenye koti la yule mtu, kimoja kimoja. Hapo binti alishuka kwenye kisiki akarudi kwenye sauti yake mwenyewe, na niliisikia inatetemeka. "Kaka zangu, mnyanyueni Mwalimu pale kwenye tope. Na huyu mkalisheni chini. Si tulikubaliana kumpa maji? Nani ana maji?"

Mwenye mwiko ndiye aliyekwenda kuleta maji.

Mwenyekiti alifika akihema, akapiga simu polisi, na tukaambiwa tumpandishe mpaka kituoni. Nilitembea naye bega kwa bega ili asiguswe tena. Alikuwa na umri wa miaka kama thelathini, shavu limevimba, na ndala moja imekatika. Nilikuwa sina haki ya kumuuliza lolote, lakini mimi ni mwalimu.

"Kwa nini, ndugu yangu?"

"Simu yangu imevunjika kioo," alisema. "Nilitaka simu kubwa."

Sitaficha kwamba nilivunjika moyo. Nilikuwa nimetarajia mfumo, nikapewa kioo cha simu. Tulipopanda kidogo akaongeza kwamba alikuwa anachuma chai kama kibarua, kazi ikaisha, na siku hizi vibarua wanaitwa kwa simu, asiye na simu haitwi. Niliposikia hivyo nilisimama katikati ya barabara. Jioni nilimsimulia mke wangu, naye alikuwa akichagua maharage.

"Umefurahi," alisema, "kama mtu aliyepewa zawadi. Mwenzako kavimba shavu."

Nilitaka tuliache shauri. Nilimweleza kwamba mtu ameshaadhibiwa vya kutosha, kwamba jela haimfundishi mtu kitu. Aliendelea kuchagua maharage.

"Mwalimu, mti ni wa nani?"

"Wako."

"Kila siku unasema serikali ndiyo itibu, serikali ndiyo isomeshe, serikali ndiyo ilete maji. Leo nimeipatia kazi, wewe unataka kuinyang'anya. Iache ifanye."

Kwa hiyo tulikwenda mahakamani, yeye kama mwenye mali na mimi kama shahidi. Hakimu alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya upole inayokufanya umwogope zaidi. Nilieleza vizuri mpaka nilipofika kwenye kelele.

"Nani alipiga kelele?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Ulikuwa na panga mkononi, yeye yuko juu ya mti hana silaha. Ulipiga kelele ili iwe nini?"

"Ili watu waje."

"Waje wafanye nini?"

Nilimtazama yule mtu, naye alikuwa ananitazama bila chuki, kama anayetaka kusikia jibu kwa faida yake. Nikasema, "Sijui, mheshimiwa. Ninaogopa kwamba ninajua." Karani aliacha kuandika akamtazama hakimu, hakimu akamwambia aandike.

Yule mtu alikiri. Alipewa kifungo cha nje, afanye usafi wa maeneo ya umma kwa miezi fulani chini ya usimamizi. Nilimwona mara kadhaa akifagia. Mara ya kwanza nilivuka barabara nisikutane naye, na mara ya pili pia. Mara ya tatu alinisalimia yeye kwanza, "Ugonile, Mwalimu," nami nikaitika. Sijawahi kumwomba radhi kwa maneno. Nimewahi kukaa naye kwenye ukuta mfupi tukala mahindi ya kuchoma, tukazungumzia bei ya mbolea, na yeye ana msimamo mkali kuliko wangu.

Wiki chache baadaye binti wa fundi alikuja nyumbani. Alinipa shikamoo, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mwalimu, nimekuja kuomba ruhusa. Nataka kukuigiza ukumbini."

"Lile la kamati?"

"Lile na mengine." Alitazama chini. "Na ulivyopiga kelele."

Nilimwambia la kamati ni zuri, lina mafunzo, aliweke. Hotuba yangu ya mkutanoni pia angeweza kuiweka, hata yote. Kelele aiache.

"Bila kelele, Mwalimu, hakuna hadithi. Hotuba peke yake watu watalala."

"Watanicheka."

"Si ulisema kicheko kipande juu? Pale mtaani, Mwalimu, wewe ndiye mkubwa. Watu wanaogopa kukukatiza."

Hilo la kuogopwa sikuwa nalijua. Mke wangu, aliyekuwa akijifanya anapanga vikombe, alisema kutoka kule kabatini, "Muigize, mwanangu. Ruhusa ninayo mimi."

Jumapili hiyo nilivaa shati jeupe nikakaa mstari wa tatu. Mke wangu, asiyependa mikusanyiko ambayo haina marehemu wala bibi harusi, alikuja pia. Ukumbi ulijaa. Binti alianza na mgeni rasmi, yule wa kila mahali, anayekuja na magari mengi kuzindua kisima ambacho wananchi walishachota maji yake mwaka mzima, akiwa na watu wa kumsifia wanaopiga makofi kabla hajafungua mdomo. Watu walicheka huku wakigeuza shingo kuona nani mwingine anacheka. Mtu mmoja mbele aliinua simu kurekodi. Binti akamsogelea, akaweka kitenge sawa. "Ndugu unayerekodi, nichukue upande huu. Ule mwingine nimefanana na baba yangu." Nilipiga makofi mpaka mikono ikauma. Moyoni nilikuwa nawaza nitakwenda kumtoa na nini.

Halafu akanifikia mimi. Kikohozi, kidevu, kidole, miwani. Watu walinitazama wakicheka, nami nikacheka kwa kuchelewa, kama mtu anayetafsiriwa. Alipofika shambani alipunguza sauti. Akawa mimi na kiroba kichwani, natembea kwa maringo ya mtu mwenye itikadi. Akatazama juu ya mti. Akafungua mdomo. "Mwisi!"

Walilipuka. Lakini hakuacha. Aliita tena, na tena, na mara ya tatu haikuwa ya kuchekesha hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mzee anayeita kifo cha mtu bila kujua. Mke wangu alinishika mkono, jambo ambalo hatufanyi mbele za watu. Binti alisimama hivyo mdomo wazi kwa muda ambao mimi niliuona mrefu, kisha akatafuta miwani kwenye mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, na watu wakaanza kucheka tena, taratibu, kama waliopewa ruhusa ya kupumua.

Nilipogeuka nilimwona fundi amesimama mlangoni, kofia yake mkononi. Alikuwa ametoka kuswali alasiri akapitia, au ndivyo alivyosema. Binti alikuwa amemwigiza naye kidogo, na cherehani zake mbili. Nilimuuliza kwa ishara, vipi? Alijifuta macho kwa kofia. Jumatatu mteja alipomuuliza binti anafanya kazi gani, alisimamisha cherehani akajibu, "Mchekeshaji," halafu akaanza kuisifia mvua haraka haraka.

Watu walipokuwa wanatoka mke wangu alimwendea binti, akamkumbatia, akamtazama kwa jicho kali.

"Umemwigiza Mwalimu, umemwigiza baba yako, umemwigiza mpaka mwenyekiti. Mimi mbona umeniacha?"

"Wewe, Mama, nakuogopa."

Jibu hilo lilimfurahisha kuliko onyesho zima. Tulirudi Bulyaga kwa miguu, manyunyu yameanza, na kila tulipokutana na mtu tunayemjua mke wangu alisimama, akamsalimia, akaulizia watoto na ng'ombe, kisha akamweleza kwa kirefu kwamba yeye ndiye anayeogopwa.